Mlango wa Ishirini na Nne

Stoo ya vitanda vibovu, ghorofa ya chini, hospitali ya Wete:
humo ndimo walimoitundika swichi,
juu ya magurudumu ya machela yasiyo na machela.
Milango ishirini na nne, taa za kijani zikipepesa
kama watu waliokaa barazani wakikonyezana.

Maana ndivyo ilivyo, milango hii, tangu kiwandani:
watu wa mtaa mmoja.
Wakimtafuta mtu hawana ramani,
wanapaza sauti, "Fulani nani? Fulani nani?"
mpaka fulani aitike.
Wakiwa kumi, sawa.
Sasa maabara wameletewa mashine zao, famasi zao,
masjala zao, kliniki ya waja wazito zao,
na makelele yamezidi hata jibu la damu
latoka maabara saa nne, lafika wodini baada ya adhuhuri,
tena kwa miguu ya Faki Shaame,
karatasi kaikunja mfukoni,
goti la kushoto likimlalamikia kila kidato.

Faki ndiye aliyenishikia tochi.
"Wafanyaje hapo?"
Mlango wa ishirini na nne, nikamwambia, nautoa barazani.
Nauambia: wewe si wa mtaa tena.
Naupa anwani yake wenyewe, uisimamie,
ujue njia ya kwendea jengo la pili, na ya kurudia.

Anwani ziko nne, nikamhesabia.
Ya kwanza ni jina la kitongoji, haikai mtu.
Ya mwisho ni ya mbiu, ya kuwaita wote.
Zabaki mbili za katikati:
moja yetu, moja ya swichi ya maabara, niliyoitengeneza asubuhi.
"Nyumba ya watu wawili," akasema Faki.
"Hapana wa kutia fitina."
Nikacheka, nikakosea tarakimu, nikafuta.

Lakini mlango, hata ukishapewa anwani, umelala.
Na lugha ya mashine hii haina neno la kusema amka.
Ina neno la kuzima, na mbele yake watia la kukana.
Si "waka".
Ni "usizimike".

Vidole vikanisimama.
Bibi yangu Mkasi, kule Mtambwe,
miaka themanini na mgongo unaomwaka usiku kucha,
aulizwapo hali hasemi mzima.
Husema: sijambo.
Sina jambo. Sijazimika.

Nikaandika lile la kukana, nikabonyeza.
Taa ikakaa kimya pumzi mbili,
ikawa kijani.

Nikapiga hodi tano kwa jirani wa jengo la pili.
Ya kwanza ikaanguka, ikaacha nukta;
hiyo hupotea ikiulizia nyumba.
Nne zikaitikiwa.
Faki akazihesabu kwa kidole juu ya kioo, akanipa mkono.

Umeme ukakatika.

Betri ya akiba ilikufa tangu Ramadhani.
Feni zikashusha pumzi. Kiza.
Nje jenereta ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa, ikashika.
Swichi ikaamka na kumbukumbu ya jana.
Mlango wa ishirini na nne umerudi barazani,
wapepesa na wenzake, haunijui.
Lilibaki neno moja, la kuhifadhi,
nami nilikuwa napeana mikono.

"Enhe?" Faki.
Enhe, twaanza.

Safari hii yeye alinisomea tarakimu,
nilizokuwa nimeziandika nyuma ya karatasi ya majibu ya mtu,
na nilipofika penye lile neno akanitangulia:
"Uambie usizimike."
Nikauambia. Nikahifadhi. Hodi baadaye.

Saa tisa na kitu nesi Time akachungulia:
"Faki, jibu la kitanda cha sita lishafika. Limekuja lenyewe."
Faki akalitazama goti lake,
akazitazama ngazi.
"Basi nalifuata juu nikalione," akasema,
akapanda.